Tunaumiza majeruhi kwa haraka zetu: nilichokiona kwenye ajali Alhamisi usiku

Siti ya Nyuma (mleta uzi)

Wakuu habari za muda huu. Nimekaa na hili jambo tangu Alhamisi, nimeona nikiendelea kukaa nalo kimya litanisumbua, ngoja nilitue hapa. Uzi mrefu kidogo, mwenye haraka apite tu hatugombani.

Nilikua natoka safari, saa mbili usiku kasoro, gari ya mbele yangu ikawasha hazadi ghafla na mimi nikakanyaga breki. Kumbe mbele kuna gari ndogo imejikita nyuma ya lori lililoharibikia njiani, lori halina pembetatu halina taa halina kitu. Watu walikua wameshafika kama thelathini hivi, sijui walitokea wapi maana pale ni pori tupu. Na hapa nataka niseme ukweli, wale watu hawakua na roho mbaya. Tumezoea kusema siku hizi utu umeisha, watu wanapiga picha tu, mimi sikuona hivyo. Wapiga picha walikuepo ndio, watatu au wanne, ila wengine wote walitaka kusaidia mpaka wanagombania kusaidia. Na balaa lilianzia hapo hapo.

Dereva kabanwa na usukani, ila anapumua, anaongea, anasema "miguu siisikii". Wakuu, mtu akisema miguu haisikii, hiyo kauli ilitakiwa kila mkono ushuke. Wapi! Jamaa wawili washamshika makwapani wanahesabu moja, mbili, wanataka kumchomoa kwa dirishani kama gunia la mkaa. Nikapiga kelele "acheni kwanza!" nikaonekana mchawi. Mmoja akanigeukia, "kwani wewe daktari?" Nikamwambia sio daktari, ila gari haiwaki, haitoi moshi, sisikii harufu ya petroli, sasa unamtoa unamkimbiza nini?

Mimi nilichonacho ni mafunzo ya huduma ya kwanza ya siku mbili niliyopewa kazini, na siku ya pili nilisinzia nusu. Nikaomba mtu azime swichi ya gari, nikaingia siti ya nyuma, nikapitisha mikono pembeni ya kiti nikakishika kichwa cha yule dereva kisicheze, viwiko nimeegemeza kwenye siti. Basi. Kazi yangu usiku ule ilikua hiyo tu, kushika kichwa cha mtu nisiyemjua na kumwambia "nipo hapa, usigeuze shingo, nijibu kwa mdomo tu". Kama dakika arobaini hivi. Vidole vikafa ganzi, jasho lake linanilowesha na ni jasho la baridi kabisa. Halafu anaomba maji. Kila dakika mbili anaomba maji, na nje kuna mama keshafungua chupa ananyoosha mkono dirishani, namkatalia, ananilaani "we baba una moyo gani?" Simu ya yule dereva nayo ipo chini kwenye zulia inaita, inakata, inaita.

Sasa kinachoniuma sio hicho. Kinachoniuma ni kwamba pembeni yake kulikua na abiria, KIMYA. Watu thelathini tumemzunguka anaelia, yule kimya hakuna aliemwangalia, hata mimi, mpaka dogo mmoja wa miaka kumi na sita kumi na saba hivi akafungua ule mlango akasema "huyu mbona anakoroma". Mtu mzima mmoja akamjibu "kazimia huyo, mwache apumzike". Dogo hakumsikiliza, akaweka mkono mmoja kwenye paji la uso ule mwingine kwenye kidevu, akakiinua taratibu, kile kikoromo kikakata na yule mtu akavuta pumzi ndeeefu mpaka mimi nilieko nyuma nikaisikia.

Ningeweza kuwa nimeshika kichwa cha mmoja huku mwenzake anakata roho nusu mita kutoka kwangu. Nyie mngefanyaje? Na kuna mwenye utaalamu atuambie tulipokosea?

BrekiMbovu

Naona jina lako na ulipokaa usiku ule vinaendana, pole sana mkuu.

Ila niruhusu nikupinge. Kuna sehemu ukisema "tusubiri wataalamu" unakua umesema tusubiri afe. Gari la wagonjwa halipo, au lipo halina mafuta, au lipo mbali saa mbili. Kwenye sehemu za dunia zilizo nyingi sisi wapita njia NDO ambulensi yenyewe, gari la kwanza litakalokubali kubeba ndo hilo hilo. Wewe ulibahatika zile dakika arobaini zikaleta gari, je zisingeleta? Wale jamaa unaowaona wana haraka wameshaona watu wakifia barabarani kwa kusubiriwa. Haraka yao wameipata mahali.

Zamu ya Usiku

Nesi hapa, kitengo cha dharura, miaka tisa. Mleta uzi na BrekiMbovu wote mko sawa na wote kuna kitu mmekiruka.

Kwanza maji. Mtu anaevuja damu kwa ndani anapata kiu kali sana, ukichanganya na jasho la baridi na ngozi kupauka, hiyo kiu ni mwili unakwambia damu imepungua. Ukimpa maji hujairudisha damu, umemjazia tumbo mtu ambae huenda akaingizwa chumba cha upasuaji ndani ya saa moja, akitapika akiwa amelazwa kwa dawa yale matapishi yanaingia kwenye mapafu. Mama wa watu hakua na kosa, huruma ndo inavyokua. Mloweshee midomo kidogo na kitambaa, inatosha.

Pili kukoroma. Aliezimia ulimi na nyama za koo zinalegea zinaziba njia ya hewa, ule mlio ni hewa inayotafuta pa kupita. Mtu akizibwa kabisa ubongo unaanza kuharibika ndani ya dakika chache, hazifiki hata kumi. Kwa hiyo sisi ukiingia kwenye ajali ya watu wengi unamwendea alie kimya KWANZA. Anaepiga kelele ana hewa, angalau kwa sasa. Yule dogo alifanya kitu kikubwa kuliko wote mliokuepo pale, samahani mleta uzi.

Shingo ni muhimu ila inakuja baada ya pumzi na damu. Naona watu wakisikia habari za uti wa mgongo wanaogopa hata kumgusa mtu anaesamwa na damu yake, hapana. Kama hapumui vizuri inua kidevu. Kama anatapika mgeuze ubavu, kichwa na mwili viende pamoja. Kama gari linaungua mtoe vyovyote vile, mlemavu aliehai tutahangaika nae.

Na damu: mshipa mkubwa wa paja ukikatika mtu anaweza kuondoka ndani ya dakika tatu nne. Hapo usitafute pamba. Vua shati, likunje, bonyeza palepale damu inapotokea kwa uzito wako wote na USIACHIE kila saa kuchungulia kama imekata. Ikishindikana na ni mkono au mguu, funga kitu kipana, mkanda au kitambaa, juu ya jeraha upande wa mwilini, sio kwenye goti wala kiwiko, kaza mpaka isimame na kumbuka ilikua saa ngapi. Waya na kamba ya kiatu zinakata nyama. Kitu kilichomchoma mtu kikabaki ndani, chuma au kioo, usikichomoe, hicho ndo kimeziba shimo. Mikono vaa mfuko wa plastiki kama huna glavu.

@BrekiMbovu kuhusu kubeba, nakubaliana na wewe kabisa, kuna wakati lazima mbebe. Ila tunaowapokea wengi wamefika wamekunjwa siti ya nyuma kama nguo, kidevu kifuani, kapumua vibaya njia nzima. Tafuteni ubao, mlango uliong'oka, ngazi, chochote kilichonyooka. Watu watano, mmoja kazi yake ni kichwa tu na huyo ndo anatoa amri ya kuinua. Gari la wazi nyuma akalala amenyooka ni bora kuliko gari zuri la viti vya ngozi.

kijukuu77

Naweka kambi hapa. Nesi endelea mama.

Pikipiki Maisha

Swali kwa nesi, helmeti tunavua au hatuvui? Mwenzetu aliwahi kuanguka watu wakaivuta kwa nguvu.

Zamu ya Usiku

Kama anapumua vizuri iache, fungua kile kioo cha mbele ili umuone uso. Kama hapumui, au anatapika humo ndani, inatoka, ila kwa watu wawili, mmoja anashika shingo na taya kutokea chini, mwingine anaitanua pembeni anaivuta taratibu. Sio kunyonga kuku.

mwanasheria_uchwara

Mimi nitagusa wale wanaopita bila kusimama. Kuna hofu ambayo sio ya kijinga. Unambeba majeruhi, unafika hospitali unaulizwa wewe ndo umemgonga? Unabaki kituoni mpaka asubuhi, gari yako inashikiliwa kama kielelezo. Mtu akipitia hiyo mara moja hasimami tena maisha yake yote.

Nchi kadhaa zimekwenda na hili kwa njia tofauti. Ujerumani kutosaidia ni kosa la jinai, kifungu cha 323c, kifungo mpaka mwaka mmoja, na huko hupati leseni ya udereva bila kusoma huduma ya kwanza. India wao walianza na kumlinda msaidizi: Machi 2016 Mahakama ya Juu ikaupa nguvu utaratibu kwamba aliemleta majeruhi asilazimishwe kutaja jina wala kushikiliwa, na 2019 ikaingizwa kwenye sheria ya magari. China baada ya lile tukio la Foshan Oktoba 2011, mtoto wa miaka 2 kagongwa na watu 18 wakapita pembeni yake mpaka mama mwokota taka akamtoa barabarani, mjadala ulikua mkubwa nchi nzima, na 2017 wakaweka kanuni kwamba anaesaidia kwa hiari kwenye dharura hadaiwi fidia.

Mimi binafsi nasimama na India. Ukimtishia mtu kifungo asiposimama atasema tu hakuona, nani atabisha. Ukimwondolea hofu ya kusimama, wengi watasimama wenyewe.

BrekiMbovu

@mwanasheria_uchwara leo umeongea cha maana, sio kawaida yako.

Karatasi Tupu

Kuna hii ya watu kujaa halafu hakuna anaefanya kitu. 1968 kule Marekani wanasaikolojia John Darley na Bibb Latané walimweka mwanafunzi peke yake kwenye chumba, anasikia kwenye spika mwenzake anapata kifafa. Alieamini yuko peke yake anaesikia, asilimia 85 walitoka kuita msaada kabla kile kifafa hakijaisha. Alieamini wapo wengine wanne wanaosikia, 31 tu. Sio kwamba hawakujali, walitoka wanatetemeka, kila mmoja alidhani mwenzie ameshaenda.

Ila msiichukue kama msahafu. 2019 kuna watafiti waliangalia video 219 za kamera za mitaani, Amsterdam, Lancaster na Cape Town, za watu kugombana hadharani, kwenye matukio tisa kati ya kumi kulikua na angalau mtu mmoja alieingilia, na wakizidi kuwa wengi uwezekano wa mmoja kuingia unazidi. Ugomvi sio ajali najua, ila inaendana na alichosema mleta uzi, watu wanataka kusaidia. Ndo maana usiseme "jamani mtu apige simu". Hakuna mtu anaeitwa jamani. Nyoosha kidole, "wewe wa shati jekundu, piga simu, waambie tupo karibu na daraja, majeruhi wawili, mmoja kazimia, ukimaliza rudi uniambie wamesemaje". Utashangaa, yule yule aliekua anarekodi anageuka msaada mkubwa.

Pikipiki Maisha

Na mwingine mtume nyuma na tochi akasimamishe magari!!! Hilo mnalisahau. Mita mia na zaidi, kabla ya kona sio baada ya kona. Nimeshaona gari la pili linakuja kuwafagia walioenda kusaidia, tena wao ndo waliumia kuliko wa mwanzo.

mama_wawili

Sijawahi kuandika humu, nasomaga tu. Mimi ndo niliekua chini.

Niligongwa nikivuka, nikatupwa pembeni, macho hayafunguki ila masikio yanasikia kila kitu. Nilisikia mwanamke anasema "huyu kashakwenda, mfunikeni". Nikafunikwa, mtandio wangu mwenyewe, usoni. Nataka kusema nipo, sauti haitoki. Nilisikia mtu anavua viatu vyangu nikadhani naibiwa, baadae nikaambiwa alikua anaangalia kama miguu imevunjika, Mungu anisamehe nilimlaani. Nikasikia simu zinalia ile sauti ya picha. Halafu akaja baba mmoja sijui hata sura yake, akautoa ule mtandio akanishika mkono akasema "kama unanisikia nibane kidole". Nikakibana. Akapiga kelele "YUPO! YUPO!" na hakukiachia kidole mpaka tumefika.

Mguu ulikatwa chini ya goti, mengine nashukuru. Wapendwa, kabla hamjamfunika mtu uso muulizeni kwanza. Na msiongee juu yake kana kwamba hayupo.

Siti ya Nyuma

Dada nimesoma hii mara tatu. Asante kwa kuandika.

kijukuu77

😢 pole sana dada

Karatasi Tupu

Hapo kwenye picha nyongeza. Mtaani kwetu kuna mzazi alijua mwanae amefariki kwa kuona shati kwenye picha iliyotumwa kwenye grupu la WhatsApp, shati alilompigia pasi asubuhi. Aliepost aliandika "jamani anaemfahamu". Alidhani anasaidia huyo.

Mnaikumbuka ajali ya Princess Diana wa Uingereza, Paris, Agosti 31, 1997? Mule kwenye handaki kulikua na wapiga picha, baadae wakachunguzwa chini ya sheria ya Ufaransa ya kutomsaidia mtu alie hatarini, kesi yao ikafutwa 1999. Ila usiku ule ule alipita daktari kwa bahati tu, Frédéric Mailliez, anatokea upande wa pili wa barabara, akasimama, akapiga simu ya dharura, akaanza kumsaidia kupumua bila hata kujua ni nani. Eneo moja, dakika zile zile.

tenki_tupu

Naomba niseme la malori ya mafuta, hapa ndo umati unageuka majeruhi wenyewe. Msamvu Morogoro, Agosti 10, 2019, waliokufa walipita 100. Sachangwan kule Kenya, Januari 31, 2009, zaidi ya 100 pia. Bahawalpur Pakistan Juni 2017 walizidi 200. Freetown Sierra Leone Novemba 2021, tena zaidi ya 100. Stori ni ile ile, tenki limelala, watu na madumu, cheche moja.

Watu wanadhani kinachowaka ni yale majimaji, wanasema nimesimama mbali na dimbwi. Petroli inatoa mvuke hata kwenye baridi, na ule mvuke ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini kwenye mtaro kama maji, unaukuta hapo uliposimama na huuoni. Mwenye sigara yuko mita hamsini. Au pikipiki inawashwa. Au mtu anachomoa betri. Ukikuta tenki limelala usiende hata kwa nia njema, kimbia upande upepo unakotokea na uwarudishe wengine. Na usibebe aibu ya kumwacha dereva mle ndani.

BrekiMbovu

Hiyo sentensi ya mwisho ngumu mzee.

tenki_tupu

Ngumu. Najua ninachokiongea.

Pikipiki Maisha

@Siti ya Nyuma na ile simu iliyokua inaita, mlipokea? Mimi huwa najiuliza nipokee niseme nini.

Zamu ya Usiku

Pokea. Sema jina lako, sema kuna ajali, sema anapelekwa hospitali gani kama unajua, basi. Hata kama unaamini amefariki usitamke, hiyo sio kazi yako, na anaesikiliza huenda yuko barabarani anaendesha.

Siti ya Nyuma

Sikua na mkono wa kupokea. Alipokea yule mama wa chupa ya maji. Imeandikwa "Bro Mdogo". Akamwambia "kaka yako yupo hai anaongea, msikie", akaingiza mkono dirishani akaiweka sikioni kwa dereva, na mimi nimeshika kichwa nasikia yote. Jamaa akamwambia mdogo wake, "funga geti, nitachelewa".

Kwa waliouliza PM, sijui kama walipona. Gari la wagonjwa liliwachukua wote wawili wakiwa hai, abiria akiwa bado amezimia ila anapumua vizuri. Hospitali nimepiga simu mara mbili hawatoi taarifa kwa asiye ndugu, naelewa.

kijukuu77

Na yule dogo je? Kajulia wapi yale mambo ya kuinua kidevu, au ni mwanafunzi wa udaktari?

Siti ya Nyuma

Nilimuuliza wakati tunanawa mikono kwa maji yaliyobaki kwenye ile chupa. Akasema ana kaka yake ana kifafa, kila akimaliza kuanguka anakoroma vile vile, kazi ya kumweka sawa nyumbani ni yake tangu akiwa darasa la tatu. Nikamwambia twende nikupe lifti usiku huu, akasema ana baiskeli. Akaichukua kwenye majani akaondoka, haina hata taa.